Sahihi ya Pili kwa Mzee Kibet

Ijumaa ya tarehe 25 Septemba 2026, saa kumi jioni, Mzee Jairus Kibet atavua kofia ya karatasi, atanawa mikono kwenye sinki la mlangoni na kuhitimisha miaka ishirini na saba ya utumishi katika idara yetu ya kutakasa vifaa vya upasuaji. Alianza Jumatatu ya tarehe 6 Septemba 1999. Tarehe hizi nimezihakiki mara mbili kwenye faili na mara ya tatu kwake mwenyewe, kwa sababu zikiwa na kosa yeye ndiye atakayeliona wa kwanza, tena akiwa bado hajaketi.

Bosi wetu Navdeep ameandika wasifu wake kwa Kiingereza. Uko ukurasa wa nyuma, mistari sita, na kila neno ni la kweli. Huu ni wetu sisi tunaozungumza Kiswahili huku chini, Wakenya, Watanzania na Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake na kila mmoja akiamini cha mwenzake kina hitilafu. Kamati ya sherehe ilinipa kazi hii mimi, Mwinjuma, kwa hoja kwamba nimekaa meza moja na Mzee Kibet kwa miaka kumi na minane. Kamati haikujua kwamba mwaka huu, tangu Januari hadi Agosti, nilikuwa nikimshuku. Nimeona niliseme mapema, ili asije akalisema yeye kwenye kipaza sauti.

Kwa wageni ambao hawajawahi kushuka kwetu: idara yetu iko chini kabisa ya hospitali, hakuna dirisha hata moja. Mikasi, visu, vibanio na makoleo yote ya upasuaji huja kwetu yakiwa machafu. Tunayaosha, tunayahesabu, tunayapanga kwenye trei, tunaifunga trei kwa tabaka mbili, tunapiga tepu, kisha inaingia kwenye mashine ya mvuke. Kila trei ina karatasi yake yenye nafasi za sahihi mbili. Ya kwanza ni ya aliyefunga. Ya pili ni ya mtu aliyehesabu baada yake, kabla trei haijafungwa kabisa. Kwa sehemu kubwa ya miaka hii ishirini na saba, sahihi ya pili imekuwa ya Mzee Kibet.

Alizaliwa Elgeyo Marakwet, juu ya ukingo unaolitazama bonde la Kerio. Alikuja Birmingham mwaka 1997 kumfuata mkewe, Bi Milka, aliyetangulia kwa kazi ya uuguzi. Miaka miwili alifanya kazi katika kiwanda kidogo pale Aston akikagua nati na boliti, na mwenyewe husema ndiko alikojifunza kwamba jicho ni shahidi wa uongo. Alipokuja kwetu alileta mtindo wake wa kuhesabu kwa kugusa. Hahesabu kitu alichokiona, anahesabu kitu alichokishika. Leo kila mwanafunzi anayeingia idarani anafundishwa hivyo, na wengi hawajui kwamba sheria hiyo ilitoka kwa mtu mmoja anayekula githeri, mahindi na maharage ya kwao, kwenye chupa ya chai.

Mnamo mwaka 2004 alipanda mbio ghorofa tatu kuisimamisha trei iliyokuwa njiani kuelekea chumba cha upasuaji, kwa sababu alipoibeba mkononi kuiingiza kwenye lifti aliiona nyepesi, na shaka ikamshika mlango ulipokwisha kujifunga. Wauguzi wa juu walipoifungua, ilikosa kifaa kimoja kisichozidi kijiko kwa uzito. Wakati wa korona alifanya kazi siku sita kwa wiki na hakuna trei yake hata moja iliyorudishwa. Amefundisha wafanyakazi zaidi ya arobaini, nami nikiwemo, na amewasamehe karibu wote.

Sasa niseme la moyoni. Mwaka 2011, mwishoni mwa zamu, nilifunga trei ya vifaa vidogo vya mifupa, nikapiga tepu kabla ya wakati kwa haraka ya kwenda nyumbani, nikatia sahihi. Mzee Kibet akaiinua, akaipima kwa mikono, kisha akachana tepu yangu mbele ya mwenzetu Gédéon na wanafunzi wawili. Akagusa kifaa kimoja kimoja. Kibanio kimoja hakikuwepo. Tulikikuta kwenye mkunjo wa taulo nililofutia mikono. Akaifunga upya, akatia sahihi, na hakumwambia mtu, wala Navdeep, wala mimi mwenyewe. Heri angenifokea.

Tangu siku ile nikaona anahesabu trei zangu kwa muda mrefu kuliko za wengine. Nikaanza kumpima kwa saa ya ukutani. Trei ya Gédéon dakika nne. Yangu dakika sita, wakati mwingine saba. Mtu mwenye kinyongo na saa mbele yake hapumziki. Kwa miaka kumi na mitano nimehesabiwa hivyo, na nilichotaka kujua kabla mzee huyu hajaondoka ni kimoja tu: je, ananiamini, au bado anatafuta kibanio kile? Swali kama hilo huwezi kuliuliza kwenye meza ya kazi. Ukiliuliza, tayari umejibiwa.

Ndiyo maana Januari ilipofika, nikiwa na moyo huo, kila alichofanya nilikitia shaka.

Kwanza alianza kuja na shanta kubwa ya mgongoni badala ya mfuko wake wa chakula. Ndani mlikuwa na chupa za maji zilizojaa, nami nilizihesabu: kumi na mbili, za lita moja moja. Kila mapumziko ya mchana aliibeba shanta ile, akapanda ngazi kutoka kwetu chini hadi ghorofa ya nane, akashuka, akarudi kazini akihema. Maji hakuyanywa. Gédéon, ambaye ni mtu wa Bukavu na hajawahi kukosa jibu, alilitatua siku hiyo hiyo. Alisema, "Ile mzee iko na mwanamke kule juu. C'est sûr, ni hakika. Anamupelekea maji." Nilimuuliza ni mwanamke gani anayehitaji lita kumi na mbili za maji kila siku katika jengo lenye mabomba. Akanijibu kwamba mapenzi hayana akili.

Machi, simu ya idara ililia nikaipokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Mmarekani, mpole kupita kiasi. Alimtaka Bwana Kibet. Nikamwambia yuko chumba safi, haruhusiwi simu. Akasema basi nimpe ujumbe: jibu la swali lake la saba ni ndiyo, na aelewe vizuri kwamba likimtokea jambo akiwa mle ndani, msaada unaweza kuchukua zaidi ya siku nzima kumfikia. Niliandika neno kwa neno. Mle ndani ya nini? Na maswali sita ya mwanzo yalikuwa yapi?

Nilipompa ile karatasi alitabasamu, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Hakuna mtu wa jamii yetu mjini hapa asiyejua habari za wazee wanaotapeliwa kwa mapenzi ya simu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu Shemsa kwamba Mzee Kibet ameshanaswa. Shemsa akasema penye moshi hapakosi moto, lakini nisimwambie Milka mpaka tuuone huo moto.

Aprili ilileta jambo jingine. Mzee Kibet alimvuta Gédéon kando akamuuliza ni kampuni gani inayotengeneza mifuko ile ya wodini yenye unga unaogeuza mkojo kuwa kama jeli, na kama inauzwa kwa mtu binafsi. Gédéon alirudi mezani uso umemshuka. Habari ya mwanamke wa ghorofa ya nane iliishia hapo. "Ni figo," akaniambia polepole. "Papa Kibet iko mugonjwa na hatuambie." Wiki ile hatukumtania mzee hata mara moja, naye akatutazama kana kwamba sisi ndio wagonjwa.

Kisha Jumamosi moja ya Mei, Shemsa akanipigia simu kutoka njiani. Sisi na akina Kibet tunakaa mitaa miwili tofauti Hodge Hill, na mto Cole haupo mbali. "Mwinjuma, mwenzako yuko mtoni," akasema. Nikamwambia mzee anapenda kutembea. "Sikusema kando ya mto. Nimesema mtoni. Maji ya magoti, na viatu vyake, na fimbo mbili. Anakwenda, anarudi. Kuna mtu na mbwa wake wamesimama wanamwangalia." Nilimuuliza kama anaonekana mwenye huzuni. Shemsa akasema, "Hapana. Anaonekana anahesabu."

Mpaka hapo nilikuwa na mwanamke, tapeli, figo na mto, na hakuna kimoja kilichokaa pamoja na kingine. Navdeep aliniuliza ofisini kama Kibet yuko sawa. Nilimjibu yuko sawa kabisa. Unaweza kumshuku mtu wako, lakini humpeleki kwa bosi.

Juni ndipo nilipoumia. Nilikwenda kuchukua karatasi zangu kwenye printa nikakuta yake imetangulia. Ilikuwa kibali, chenye nembo ya serikali ya huko Marekani. Nilisoma nilichoweza kabla hajafika: kulala usiku mbili, Oktoba, hakuna mbwa, hakuna moto, anayeingia anaingia kwa hatari yake mwenyewe. Idadi ya watu: wawili. Alikuja akaichukua, akanishukuru kwa kuisubiri, akaondoka.

Watu wawili. Sikujali tena ni wapi, nilijali ni nani. Sisi tuna desturi ya kuaga. Hata ukienda Leicester kwenye arusi ukarudi siku hiyo hiyo, unawaambia wenzako, wanakuombea, wanakutuma vitumbua. Mtu anayepanga safari ya mbali kwa kimya cha miezi sita, ama anakimbia kitu, ama hawaamini anaowaacha. Mimi nilikuwa ninayeachwa, na kibanio cha mwaka 2011 kilikuwa bado kinanichoma. Nilijua jibu nililopewa.

Ijumaa ya tarehe 14 Agosti, tukivua makoti, akaniambia bila kunitazama, "Mwinjuma, kesho kuja nyumbani. Kuja na macho yako." Sikulala vizuri.

Bi Milka ndiye aliyenifungulia mlango. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kubishana akachoka, akaninong'oneza, "Shemeji, mimi nimeshasema. Shimo ni shimo hata likiwa na kibali." Nikaingia sebuleni nikiwa tayari kwa lolote.

Sakafuni palikuwa na shuka la bluu limetandikwa bila mkunjo. Juu yake vitu vimepangwa kwa safu: jiko dogo la gesi, sufuria, chujio la maji, soksi, tochi, vyakula vilivyokaushwa, dawa, kamba, mahema mawili, na ile mifuko ya jeli. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kwa nailoni tabaka mbili, kimepigwa tepu, kina namba. Kando kulikuwa na shanta mbili na karatasi yenye orodha, na chini ya orodha nafasi za sahihi mbili. Ya kwanza ilikuwa imejazwa. Binti yao Rita, aliyezaliwa hapa na sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekaa kwenye kiti akila tosti. "Hi, Uncle," akasema. "Please just count it. Tumekuwa hapa since breakfast."

Basi mtu wa pili kwenye kibali alikuwa Rita. Nikakaa chini, nikaona aibu, na shaka haikuniisha.

Mzee Kibet akaeleza kwa dakika kumi alichokificha kwa miezi minane. Wote mnaifahamu kalenda ya kampuni ya sabuni iliyoko ukutani mbele ya meza yetu, ya mwaka 2009, iliyosimama Oktoba. Picha yake ni kuta mbili za mawe mekundu zilizokaribiana, zimepinda kama nguo iliyotundikwa, na juu kabisa uzi wa mbingu. Msafishaji aliwahi kuitupa. Mzee Kibet akaitoa kwenye pipa akaibandika tena. Mimi nilidhani ni ukaidi. Kumbe kwa miaka kumi na saba, katika chumba kisicho na dirisha, alikuwa anatazama nje.

Mahali pale ni korongo katika jangwa la Utah. Huingii kulala mpaka upewe kibali, na vibali kwa siku ni vichache. Rita aliomba kwenye mtandao mara mbili akakosa, ya tatu akapata. Ndani, kuna sehemu unanyoosha mikono ukazigusa kuta zote mbili. Kuna maji yaliyotuama ya magoti hata kiuno, baridi, ingawa juu jangwa linawaka. Ndiyo ule mto Cole. Kila ulichobeba unatoka nacho, na nikisema kila kitu nina maana kila kitu, hata kile cha chooni. Ndiyo ile mifuko. Maji ya kunywa unayabeba mgongoni. Ndizo zile ngazi. Na yule Mmarekani mpole alikuwa wa ofisi ya askari wa hifadhi, aliyeachiwa na Mzee Kibet ujumbe wenye maswali kumi na moja na namba ya simu ya idara.

Nikamuuliza swali la saba lilikuwa lipi. Alitaka kujua kama ofisi yenyewe itamkatalia kuingia siku hiyo endapo mvua itanyesha mbali na korongo. Nami nikataka kuonyesha hekima, nikasema kuna haja gani, dalili ya mvua ni mawingu, si mtaona wenyewe. Akatikisa kichwa. "Huko hapana, Mwinjuma. Huko mvua inanyesha maili hamsini, wewe huioni. Maji yanakuja na jua linawaka, na hakuna pa kupanda." Akasema kwao bondeni aliona mto mkavu ukichukua mbuzi kumi na mmoja wa mjomba wake chini ya mbingu safi. Hiyo ndiyo hatari pekee anayoiogopa, na ndiyo maana aliipenda ile ofisi. Ofisi inayoweza kukukatalia, alisema, hiyo unaweza kuiamini.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Alivua miwani akaifuta. "Kama kibali ingekataa, ningebaki mzee wa kalenda. Gédéon angenicheka mpaka ni-retire." Gédéon, ndugu yangu, usikatae. Tunakujua.

Kisha akanipa orodha na kalamu. "Hesabu. Mimi niko jikoni." Akatoka na kufunga mlango. Wenzangu wa idara mnajua uzito wa jambo hilo. Mzee Kibet hajawahi kuiacha trei yake mikononi mwa mtu akaondoka chumbani. Lakini mimi, kwa roho niliyokuwa nayo, nilisema moyoni kwamba huu ni mtego. Ameficha kosa makusudi anipime, na nikikosa kuliona atakuwa amepata ushahidi wake wa miaka kumi na mitano.

Nikahesabu kwa kugusa. Vitu sitini na vitatu. Orodha ilisema sitini na vitatu. Nikarudia nikianzia mwisho. Sitini na vitatu. Rita akamaliza tosti, akatengeneza nyingine. Nikashika kalamu nitie sahihi, nikakumbuka kwamba tochi sijaijaribu kama inawaka. Nikaichukua nifungue.

Haikufunguka. Nikavuta tepu, ikanikatalia. Nikajaribu kwa kucha, kisha kwa meno, na Rita anaangalia. Nikarudi kwenye orodha kutafuta mkasi au kisu, nikaipitia kwa kidole toka namba moja hadi sitini na tatu. Hakukuwa na mkasi. Hakukuwa na kisu. Hakukuwa na kitu chochote cha kufungulia.

Wageni huenda wasilione hili, ila sisi tutaliona. Sisi kazi yetu ni kufunga. Tangu tuanze kazi hii tumefunga maelfu kwa maelfu ya trei, na wanaozifungua wako ghorofani, hatuwajui hata majina. Mzee Kibet alikuwa amefunga safari yake kama trei, kana kwamba kule ndani ya korongo kuna muuguzi amesimama na glavu, anangoja kumfungulia. Watu wawili wangekaa juu ya mawe, mikono imelowa, wana njaa, chakula kiko mbele yao kimefungwa kwa kazi safi kabisa.

Nikapaza sauti. "Mzee Kibet! Utafungua na nini?"

Kule jikoni Bi Milka akaanza kucheka, kwa sauti ya mtu aliyengojea jambo hilo kwa miezi. Rita akaweka tosti chini. "Oh my God, Dad." Mzee Kibet akaja, akaichukua orodha, akapitisha kidole toka juu mpaka chini, akarudia. Halafu akaketi sakafuni katikati ya vitu vyake, akacheka mpaka machozi. "Miaka ishirini na saba," akasema. "Sijafungua hata moja."

"Isipokuwa moja," nikamwambia.

Akaacha kucheka. "Isipokuwa moja," akakubali. "Ile yako. Najua umenishikia kinyongo."

Basi likanitoka. Nikamwambia habari ya saa ya ukutani, dakika nne za Gédéon na sita zangu. Nilidhani atakana. Hakukana, alishangaa tu kwamba nilihitaji kuelezwa. "Ya Gédéon naanza kuhesabu, napata kosa, namrudishia. Imeisha. Yako haina kosa, Mwinjuma. Yako ni lazima nifike mwisho."

Miaka kumi na mitano nilikuwa naangalia saa, na jibu lilikuwa limekaa kwenye saa ile ile. Nilitamani kukasirika nikashindwa.

Nikaandika kwa mkono wangu, namba sitini na nne, mkasi, nikatia sahihi ya pili. Ndipo akanipa karatasi nyingine. Ofisi ya hifadhi inataka jina la mtu mmoja aliyebaki nyumbani, atakayeijua saa ya kutoka na kupiga simu ya msaada iwapo watu hawajatoka. Rita alisema wengi huandika mke. Bi Milka alikataa, akasema yeye atapiga simu hiyo kabla hawajavua viatu walivyopandia ndege. Nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa, kwa maandishi yake madogo ya kwenye trei: jina langu na namba yangu. Kwenye nafasi ya uhusiano alikuwa ameandika, "Anayehesabu baada yangu." Tarehe chini ilikuwa ya Juni, wiki ile ile niliyosimama kwenye printa nikijiambia kwamba haniamini.

Mzee Kibet, idara inakushukuru kwa miaka ishirini na saba ambayo wagonjwa wasiokujua walilala mezani salama kwa sababu uligusa kila kitu. Tunamshukuru Bi Milka kwa kutuazima mume siku sita kwa wiki katika mwaka ule mgumu. Kalenda haiondoki ukutani; tumepiga kura, na Gédéon pia aliunga mkono. Zawadi yako iko mezani. Ni mkasi, mzuri, wa dukani, si wa hospitali, na Navdeep ana risiti. Gédéon ameufunga tabaka mbili na kupiga tepu, kwa hiyo anza sasa.

Tunakutakia ustaafu wenye afya, miguu yenye nguvu na madirisha mengi. Uende na Rita salama, na ile ofisi ikikukatalia, urudi bila kubishana.

Mimi ninalo langu. Mtatoka Jumapili ya tarehe 11 Oktoba, saa sita mchana ya huko, ambayo kwetu Birmingham ni saa moja jioni. Kuanzia asubuhi nitakuwa nyumbani Hodge Hill, simu mkononi, namba ya askari wa hifadhi mbele yangu, nikilishuku kila wingu la Utah na zaidi ile mbingu isiyo na wingu. Usiniambie kwa ujumbe kwamba mko salama. Piga simu, useme, kisha mpe Rita naye aseme. Kibali kimeandikwa watu wawili, na sitii sahihi mpaka nifike mwisho.